Bajaji Inayokula Jua

Baba Pacha hakujua kukaa. Akila, anakula amesimama. Akizungumza, anazunguka. Wanawe pacha walizoea kumwiga. Mmoja anaweka mikono nyuma, mwingine anamfuata, wanazunguka ua mzima. Mama yao anacheka mpaka anakosea mshono.

Asubuhi ile hakuna aliyecheka. Baba Pacha alikuwa dereva wa bajaji, na bajaji haikuwa na petroli.

Kisiwa chao kilikuwa kidogo. Petroli yote ililetwa na boti kutoka ng'ambo. Bahari ikichafuka, boti haiji. Boti isipokuja, watu wanatembea kwa miguu. Baba Pacha alikwenda gatini, akarudi. Akaenda tena, akarudi.

"Umeiona?" mkewe akamuuliza.

"Nimeona maji tu."

"Sasa unarudi huko kufanya nini? Boti haiji kwa kutazamwa."

Kabla hajajibu, walisikia kikohozi ndani. Mama mzazi wa Baba Pacha alikuwa na pumu. Walimkuta ameshika ukingo wa kitanda, mabega yanapanda na kushuka. Alitaka kusema neno, likakatika.

"Zahanati! Sasa hivi!" mkewe akasema.

Baba Pacha aliikimbilia bajaji, akaiwasha kwa mazoea. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akaipiga ngumi. Mkewe hakungoja. Aliazima mkokoteni wa muuza maji, akatandika godoro. Wakampakia mama, wakasukuma.

Njia ilikuwa ya kupanda. Magurudumu yalizama mchangani. Baba Pacha alisukuma huku akimtazama mama yake usoni. Midomo ya mama ilianza kubadilika rangi.

"Mama, usifumbe macho! Mama, nakusemesha!"

Walifika wamelowa jasho. Muuguzi alimfunika mama pua na mdomo kwa kifaa cha mvuke wa dawa. Mashine ikanguruma. Polepole, mabega yakatulia.

Baba Pacha alikuwa akizunguka barazani. Mara akasimama.

"Muuguzi, hiyo mashine mnaiendesha kwa kutumia nini? Petroli imeisha kisiwa kizima."

"Jenereta tuliacha zamani," muuguzi akajibu. "Tazama juu ya paa. Ni sola. Shemeji yako ndiye aliyeifunga."

Baba Pacha alinywea. Shemeji huyo, mdogo wa kike wa mkewe, alikuwa fundi wa umeme wa jua. Mara nyingi alimshauri atoe injini ya petroli kwenye bajaji, aweke mota ya umeme. Kila mara Baba Pacha alimjibu, "Mimi nabeba watu, dada. Sichezi na tochi."

"Na jambo jingine, baba," muuguzi akasema. "Asubuhi bajaji unaiwashia wapi?"

"Hapo uani. Karibu na dirisha la mama."

"Moshi wa injini unachokoza pumu. Usimvutishe tena."

Siku hiyohiyo Baba Pacha alimfuata shemeji yake. Chama cha madereva kilimkopesha mota, betri ya bajaji, betri ya nyumba na paneli za sola. Fundi akafunga kila kitu, paneli akaziweka juu ya paa la nyumba.

"Shemeji, nisikilize," fundi akasema. "Muda wa kuchaji ni..."

"Nimeelewa, nimeelewa!" Baba Pacha alikuwa ameshakalia kiti. Akatoka mbio. Bajaji haikupiga kelele, haikutoa moshi. Alipita sokoni akipiga honi bila sababu.

Furaha haikudumu. Siku chache baadaye alikuwa akimpeleka muuguzi na boksi la chanjo upande wa pili wa kisiwa. Katikati ya kilima, bajaji ikalegea, ikasimama. Muuguzi akashuka, akajitwika boksi lake, akaenda kwa miguu.

"Nikingoja, chanjo zitaharibika!" akasema bila kugeuka.

Baba Pacha aliisukuma bajaji mpaka nyumbani. "Sola ni porojo!" akafoka. Mkewe akamwita mdogo wake.

Fundi alikagua waya, akakagua betri. "Shemeji, unachaji saa ngapi?"

"Jioni, nikirudi. Mchana nina kazi."

"Jioni jua liko wapi?"

Baba Pacha akatazama juu.

"Paneli zinatengeneza umeme jua likiwaka," fundi akaeleza. "Ukichaji jioni, bajaji inanyonya akiba ya betri ya nyumba. Hiyo ndiyo ya taa na cherehani. Ndiyo maana dada yangu anashona gizani."

"Anashona gizani na hasemi?"

"Nimesema!" mkewe akang'aka. "Nimesema mpaka nimechoka. Wewe ulikuwa mlangoni, unatoka!"

Fundi alizuia kicheko. Akapanda ngazi, akawaonyesha. Tangi la maji lilitia kivuli kwenye baadhi ya paneli. Nyingine zilikuwa na vumbi na chumvi ya bahari.

"Paneli yenye kivuli haifanyi kazi vizuri," akasema. "Tuhamishe tangi. Vumbi lifute kwa kitambaa laini chenye maji, asubuhi, kabla paneli hazijapata moto. Na usingoje betri iishe kabisa. Ikibaki robo, rudi uchaji. Njoo mchana, jua likiwa kali."

"Nirudi mchana? Halafu nifanye nini?"

"Ukae."

Baba Pacha alimtazama kama aliyeambiwa aruke kwa mabawa. Lakini safari hii alisikiliza. Walihamisha tangi, wakasafisha paneli.

Mwezi uliofuata bahari ilichafuka tena. Bajaji za petroli zililala gatini. Ya Baba Pacha ilipeleka wagonjwa zahanati na kumfikisha muuguzi kila kijiji. Taa za nyumbani hazikuzimika. Mama aliendelea na dawa zake, lakini asubuhi aliweza kukaa dirishani bila kukohoa.

Mchana mmoja dereva mwenzake alikuja akitembea haraka, jasho linamtoka.

"Kaka, twende kwa huyo fundi wako. Sasa hivi! Nimechoka kungoja boti."

Baba Pacha alikuwa ameketi kivulini. Sahani ilikuwa mbele yake, na pacha wawili wamemwegemea. Waya wa bajaji ulipanda mpaka juu ya paa. Akasogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa kwanza, ule," akasema. "Bajaji bado inachaji. Hatuendi popote."