Dengu za Bibi Mukarugwiza

Murekatete alipotoka shuleni saa sita mchana, hakuwa na nafasi ya kubaki kuruka kamba na wenzake. Darasa lao lilisoma asubuhi tu, na mchana kazi ya jikoni ilikuwa yake. Alikwenda mbio hadi nyumbani kwao, mtaa wa Mbugangari karibu na mpaka, akavua sare, akawasha mkaa na kubandika sufuria mbili, moja ya viazi na nyingine ya dengu. Kumenya viazi ilikuwa kazi ya Ganza, mdogo wake wa miaka tisa. Ganza alimenya kwa namna ambayo nusu ya kiazi ilikwenda na ganda. Kila siku aliambiwa, na kila siku alijibu kwamba amesikia.

Ulikuwa mwaka 1999. Familia yao ilikuwa imerudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania, ndiyo maana nyumbani walizungumza Kiswahili hata majirani wakawatania kwamba wanaongea kama redio. Baba yao aliendesha lori na hakuonekana nyumbani mara kwa mara. Mama yao, Verediane, alivuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza vitunguu Goma na kurudi jioni. Kwa hiyo mchana walikula watu watatu: Murekatete, Ganza, na Bibi Mukarugwiza, mama mzazi wa baba yao.

Dengu zile ndogo bapa zilikuwa kwa ajili ya Bibi. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na tangu alipojikwaa kwenye jiwe la volkano, kidole gumba cha mguu wake kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Muuguzi wa zahanati ya mtaa, Donatha, mzaliwa wa Goma, alikuwa amewaeleza bila kuwaficha.

"Mukecuru," alimwambia Bibi, kwa neno la heshima ambalo Wanyarwanda humwitia mama mzee, "kidonda haiwezi kupona kama damu iko na sukari mingi. Na kama inaendelea kuoza, docteur atakata kidole. Mi sipende wakukate kidole."

Kisha akamgeukia Murekatete. Bibi aendelee kumeza vidonge vyake kila siku. Viazi vyake vipunguzwe nusu, na pale vilipotoka ziwekwe dengu, na pembeni mchicha, ambao wenyeji huuita dodo. Saa mbili baada ya chakula cha mchana aje zahanati achomwe kidole cha mkono, waone sukari imepanda kiasi gani.

Murekatete alishika kila neno. Alipunguza viazi, akaongeza dengu, akachuma dodo nyuma ya nyumba. Alijiona daktari kabisa. Alipompeleka Bibi kupimwa, alisimama karibu na ile mashine ndogo akitegemea kusifiwa.

Mashine ikaonyesha mia mbili na sabini.

"Iko juu sana," alisema Donatha. "Munamupatia dengu kweli?"

"Kila siku," alijibu Murekatete.

"Nazila," alisema Bibi. "Mjukuu wangu anazipika vizuri."

Wiki iliyofuata mambo yalikuwa yale yale. Murekatete alichanganyikiwa. Alijaribu kuzichemsha dengu zaidi, kisha akajaribu kuzichemsha kidogo. Akaacha kutia kitunguu, maana labda kitunguu ndicho kilichoharibu. Akapunguza chumvi mpaka Ganza akauliza kama na yeye ni mgonjwa. Namba haikushuka.

Kisha likatokea jambo lililomchanganya hata zaidi. Bibi alipelekwa kwa baiskeli hadi Goma kumsalimia binti yake, shangazi Mukasine, akalala huko siku chache. Murekatete alimfungia dengu kutoka mfuko ule ule wa nyumbani, pamoja na maelezo yote ya upishi. Siku ya kurudi, Bibi alikula mchana kwa Mukasine, akavuka mpaka na kupita moja kwa moja zahanati. Mashine ikasema mia moja na hamsini. Donatha akampongeza na wote wakafurahi. Siku tatu baadaye, baada ya chakula cha nyumbani, namba ilikuwa imerudi kule kule juu.

"Labda dengu zikivuka mpaka zinapata nguvu," alisema Ganza.

"Wewe menya viazi," alisema Murekatete.

Dengu zilikuwa zile zile, na vidonge vile vile. Jioni alimweleza mama yake, na Verediane akasikiliza huku akikunja kitambaa chake cha kufunikia vitunguu. Halafu akanyanyuka, akachukua kopo la sukari na kulifungia sandukuni.

"Mama," alimwambia Bibi kwa upole, "kama ni chai ya sukari, sema tu. Hakuna atakayekugombeza."

"Sijagusa sukari," alijibu Bibi.

Murekatete alitaka kumwamini. Alimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, na usingizini aliona kile kidole kikikatwa. Lakini mashine haikuwa na sababu ya kusema uongo. Basi kesho yake, Bibi alipokuwa akiota jua uani, Murekatete alichukua kitenge cha Bibi kilichokuwa kitandani na kukipapasa. Pembeni palikuwa na fundo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na peremende tatu.

Alitoka nazo mkononi, pamoja na kitenge. "Bibi, hizi ni nini?"

Bibi alizitazama. "Peremende. Muuza duka akikosa sarafu za kunirudishia, ananipa hizo. Namwekea Ganza, nimpe siku atakayomenya viazi vizuri."

"Ganza hajawahi kumenya viazi vizuri."

"Ndiyo maana bado zipo."

"Bibi, wewe ndiye unayezila," alisema Murekatete. "Mimi nahangaika na dengu, na wewe unakula peremende. Watakukata kidole."

Bibi hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, akachukua kitenge chake na zile peremende, akalifunga upya lile fundo. "Nimevuka mipaka mingi," alisema. "Nimekaguliwa na askari, nimekaguliwa na watu wa forodha. Sikujua kwamba nitakuja kukaguliwa na mjukuu wangu."

Tangu hapo Bibi akagoma kwenda zahanati. "Mashine inasema mimi ni mwongo, na mjukuu wangu anasema mimi ni mwongo. Nikapimwe nini tena?" Kidonda kilianza kutoa harufu, na Murekatete aliisikia kila alipopita karibu na kitanda chake. Aliona aibu na aliogopa, tena bado alikuwa na hasira, na hakujua aanze na lipi.

Jumapili baada ya kanisa, Donatha alibisha hodi akiwa na mfuko wake wa bandeji. Alikuwa amemngoja mgonjwa wake akachoka. Alikisafisha kidonda kwa uangalifu, uso wake ukiwa hauna mzaha. Alipomaliza, chakula kilikuwa tayari, na Verediane hakumruhusu kuondoka.

Walikaa kuzunguka sinia moja, kama walivyozoea siku zote. Viazi vilikuwa upande mmoja, dengu upande wa pili, dodo katikati. Kila mtu alikuwa na kijiko chake, na adabu ya nyumba ile ilikuwa kula kilicho mbele yako bila kuvuka kwenda kwa mwenzako. Walisali, wakaanza kula.

Donatha alikula vijiko vichache, akaanza kuongea na Verediane juu ya bei ya vitunguu. Alipoinamia sinia tena, alisimamisha kijiko hewani.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mi nilikaa hapa, mbele yangu kulikuwa dengu. Sasa niko na mulima ya viazi. Nani alinileteya?"

Ganza alishangaa kuulizwa jambo lililo wazi. "Ni sisi. Wewe ni mgeni. Mgeni anasogezewa viazi."

"Na mukecuru?"

"Bibi ni mkubwa. Yeye anasogezewa kila siku."

Wote walitazama upande wa Bibi. Mbele yake palikuwa na rundo la viazi, vile vizuri vilivyopasuka na kuwa unga, na dengu chache tu zilizonaswa katikati yake. Mbele ya watoto dengu zilikuwa zimefagiwa mpaka bati la sinia likaonekana. Kijiko cha Murekatete kilikuwa bado njiani, na juu yake kiazi kimoja kikubwa kikielekea kwa Bibi.

Murekatete alikitazama kile kiazi. Hakukumbuka ameanza lini kusogeza. Mkono ulifanya wenyewe, kama ulivyofundishwa tangu utotoni: kilicho kizuri kiende kwa mkubwa, na dengu, chakula kisicho na sifa, wazimalize watoto.

"Na kule Goma?" aliuliza Donatha.

"Mukasine ana watoto wengi," alisema Bibi. "Wangegombana. Kila mtu anapakuliwa kwenye sahani yake."

Verediane aliweka kijiko chini. "Mama, mbona hukutuambia?"

"Ningesema nini? Mliniuliza kama nakula dengu, nikasema nakula. Nilikula zilizonifikia." Bibi alimtazama Murekatete. "Na mtoto akinisogezea kiazi kizuri kwa mapenzi yake, nikirudishe? Angeona nimemkataa."

Machozi yalimlenga Murekatete. Siku zote hizo alikuwa akimtafuta mwizi wa sukari kwenye kitenge cha Bibi, na sukari ilikuwa ikisafiri kwa kijiko chake mwenyewe.

"Sikilizeni," alisema Donatha. "Dengu haiko dawa. Njo maana anabakia na vidonge. Lakini viazi ikiingia mu tumbo, sukari yake inakimbia mu damu mbio mbio. Ya dengu inaingia pole pole. Donc ukiondosha nusu ya viazi na kuweka dengu pa nafasi yake, kisha ya kula sukari haipande sana. Lakini ni ile iko mu tumbo ya mukecuru inamusaidia. Ile iko mu sufuria haijue kama kuko mugonjwa."

"Basi nimpe sahani yake peke yake," alisema Verediane.

Mabega ya Bibi yalishuka. Katika nyumba ile, kutengewa sahani kulikuwa kutengwa na watu. Murekatete aliliona hilo kabla ya wengine. Alikirudisha kile kiazi upande wake. Kisha akaanza kuvuta viazi vya Bibi, kimoja kimoja, hadi vikabaki vya kiasi cha ngumi moja, kama Donatha alivyoonyesha kwa mkono wake. Akachota dengu kutoka upande wa mama yake na kuzisogeza mbele ya Bibi. Ganza alitazama kidogo, naye akasogeza dodo.

"Bon," alisema Donatha. "Ikuwe hivyo kila siku."

"Bibi, nisamehe," alisema Murekatete.

Bibi alikula dengu zake kwanza, taratibu. "Ulikuwa na wasiwasi juu yangu, na wasiwasi si kosa," alisema. "Kosa ni kwamba ulipokosa jibu ulifungua fundo langu kabla ya kuniuliza. Siku nyingine ukiona jambo halieleweki, keti na mwenyewe mliangalie pamoja, na uangalie na mikono yako inafanya nini. Huenda hakuna aliyedanganya."

Siku mbili baadaye Bibi alikubali kwenda zahanati. Mashine ilisema mia moja na sitini. Wiki zilipita, namba zikatulia, na kidonda kikaanza kukauka pembezoni, kisha katikati. Donatha alipokitazama mara ya mwisho, alisema kidole hiki hakiendi popote.

Mchana ule Ganza alimletea Murekatete beseni la viazi. Maganda yalikuwa membamba hata mwanga ulipita. Murekatete aliyakagua, akayapeleka uani kwa Bibi.

Bibi alilishika ganda moja, akaliinua juani. Kisha akavuta kitenge chake na kuuelekeza upande wenye fundo kwa Murekatete.

"Mtu wa forodha," alisema, "fungua mwenyewe."

Murekatete alifungua. Peremende zilikuwa bado tatu.