Kufuli Mbili, Swali Moja

Basi dogo la kwenda Bologna, Italia, lilikuwa limeshaiacha Soroca, mji wao wa Moldova, nyuma Parascovia alipowasha simu. Aliizima kanisani, padri akiwabariki wasafiri. Padri yule hana mchezo. Simu ikilia, mwenye nayo hutolewa nje na mizigo yake.

Simu ikataka PIN. Akaandika namba anayofungulia kioo kila siku. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa. Akabonyeza tena kwa hasira. Sasa ikataka PUK, tarakimu nane.

"Simu yangu mwenyewe inanifanya mwizi," alisema.

Binti wa mzee ambaye Parascovia alikuwa akienda kumtunza huko Italia angempigia njiani, amwambie kituo cha kushuka. Asipompata, angechukua mwingine. Wanaoitaka kazi ile ni wengi kama kunguru.

Jirani yake kitini, Veta, aliyewahi kuuza laini sokoni, alichungulia.

"Uliizima kabisa, dada?"

"Kanisani. Kwani wewe hukuizima?"

"Mimi niliiziba mdomo tu. Mungu hajalalamika. Sasa sikia. Kufuli ni mbili. Moja ya simu, nyingine ya laini. Ya laini huuliza simu ikizimwa ikawashwa. Umetia ufunguo wa nyumba kwenye mlango wa zizi."

"Na mbona mlango hausemi ni wa zizi? PIN ile ile, vijumba vile vile vinne. Aliyeitengeneza hana mama?"

"Anaye. Labda naye kafungiwa nje. Usibahatishe tena, ukikosea PUK mara kumi, laini inakufa. Namba hiyo iko kwenye kile kiplastiki laini ilimotoka."

Akampa simu yake. Parascovia akampigia mumewe, Nicanor.

"Kiplastiki? Nimekichomeka kwenye kopo la miche ya pilipili, kiwe kibao cha jina."

"Kichomoe, baba, kabla sijarudi kukuchomeka wewe."

Nicanor akafuta udongo, akasoma. Parascovia akaingiza tarakimu nane, kisha akachagua PIN mpya ya laini, anayoweza kuikumbuka.

"Usiiandike nyuma ya simu," Veta alisema. "Ufunguo hautundikwi mlangoni."

Binti yule alipiga wakiwa Hungaria. Parascovia alishuka alipoelekezwa, na mzee anamtunza hadi leo. Veta alikwenda Modena. Kiplastiki kiko nyumbani, nyuma ya picha ya mtakatifu. Kwa kukosa kibao, pilipili tamu na kali zilichanganyika, Nicanor akala zote. Padri bado anataka simu zizimwe.