Jina la Mkato la Lango la Tatu

Maiti ya fundi mitambo Angel Karadaliev ilipatikana Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi, ikiwa imebanwa kwenye chujio la chuma chini ya Bwawa la Sivino. Alikuwa ameingia kukagua handaki la lango la tatu. Saa tatu na dakika hamsini na mbili, lango hilo lilifunguka.

Inspekta Radka Tsankova alifika kutoka mji wa Smolyan saa sita. Kwenye chumba cha mitambo alimkuta Nevena Shishkova, aliyekuwa kwenye zamu, amebana mikono katikati ya magoti.

"Ulifungua lango, dada?"

"La majaribio, afande. Lile lililomo ndani ya kompyuta tu. Kila asubuhi tunaanza na hilo. Naandika j3, jina lake la mkato, halafu fungua. Mwaka wa tisa huu."

"Na leo uliandika nini?"

Nevena akamwonyesha kiooni. Ilikuwa j3. "Halafu sakafu ikaanza kutetemeka. Marehemu na mimi tuliachana mwaka jana. Utaambiwa tu, bora usikie kwangu."

Tsankova akaandika, kisha akamwita Lyubomir Penev, mtunza kompyuta.

"Kuna programu ndogo inayosoma orodha ya mitambo," Lyubomir alieleza, "na kuupa kila mtambo jina la mkato, ili mtu wa zamu asiandike amri ndefu. Ilikuwa kwa lugha ya zamani ya kompyuta, Perl. Mzee Gochev, mhandisi mkuu, ndiye aliyeiandika, na hapa hakuna mwingine anayeielewa. Anastaafu mwezi ujao. Kwa hiyo Ijumaa nikaihamishia lugha mpya, Python."

"Ikaharibika mikononi mwako."

"Nimeipitia upya leo saa tano. Ya zamani ikikuta jina moja mara mbili, inagoma. Hapo nilipasahau. Yangu inachukua la mwisho, haikohoi wala nini. Na mtu ameongeza mstari chini kabisa ya orodha. j3, lango la tatu la kweli."

"Mtu gani?"

"Kumbukumbu zinasema ni mimi. Jana saa saba na robo mchana. Saa hiyo nilikuwa kwa daktari wa meno Smolyan, nimeachama. Na kompyuta niliiacha imeachama vilevile."

"Kasoro hiyo umemwambia nani?"

"Wewe wa kwanza."

Daktari alithibitisha kwa simu kwamba Lyubomir aliondoka kwake saa nane kasorobo.

Saa saba na nusu Tsankova aliingia ofisini kwa Vasil Gochev. Mezani palikuwa na kipande cha banitsa, mkate wa jibini, ambacho hakijaguswa.

"Nani alimtuma Angel handakini?"

"Mimi. Kazi ya kawaida."

"Saa ileile Nevena anayojaribu?"

"Kujaribu hakumdhuru mtu, binti yangu."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa, nakula. Wenzangu walishuka kijijini."

"Programu mpya umeiona?"

"Sijaigusa. Mambo ya vijana hayo. Mimi na Perl yangu tumezeeka pamoja." Gochev akatikisa kichwa. "Nilimwonya Lyubomir asiharakishe. Yangu ingegoma. Hiyo yake inabeba jina la mwisho tu, na mtu amekufa."

Tsankova aliacha kuandika. Alikwenda mlangoni, akamwita Lyubomir.

"Mzee anajua programu yako inabeba jina la mwisho. Ulimwambia?"

"Mimi?" Lyubomir alimtazama Gochev. "Mzee, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui hadi leo."

"Huo ni ujuzi wa mtu aliyeisoma," Tsankova alisema. "Na aliyejua kuwa ule mstari wa kugoma umekosekana, kwa sababu kwenye programu ya zamani aliuandika mwenyewe."

Gochev aliisogeza ile sahani pembeni, polepole.

"Angel alipiga picha za ufa kwenye ukuta wa bwawa," alisema. "Kesho angezipeleka kwenye tume ya ukaguzi. Mara tatu nimesaini kwamba ukuta ni mzima. Miaka thelathini na mmoja, nitoke hapa kwa pingu?"

"Na Nevena abebe lawama."

"Aliyeachwa akishukiwa, watu husadiki. Au huyu na haraka zake. Yeyote kati yao."

Lyubomir alikaa chini bila kuambiwa.

"Ufa uko wapi?" Tsankova aliuliza.

"Chini ya lango la tatu."

"Maji ya leo yamepita hapo?"

Gochev aligeukia dirisha. Bondeni, paa za kijiji cha Dolno Brezhe zilikuwa zikifuka moshi wa chakula cha mchana, na mwanamke mmoja alikuwa akianika mashuka.

"Jana ningekwambia ukuta utafika kiangazi," alisema. "Leo sijui, afande. Haki ya Mungu, sijui."

Tsankova alikuwa tayari ameshika simu, akimtaka mwenyekiti wa kijiji.

"Watoe watu wote," alisema. "Sasa hivi. Wasisubiri hata kufunga milango."