Mteja wa Mia Mbili na Moja

Wilhelmina aliita wateja mia mbili, wakaitika mia mbili na mmoja.

Ilikuwa Jumapili saa sita mchana, mwaka wa tisini na nane, na kiwanda cha minofu ya sangara pale ufukweni Ilemela kilikuwa kimefungwa. Wateja wenyewe hawakuwa watu. Ilikuwa programu aliyoiandika yeye ili ijifanye umati, wote wapige hodi kwa mara moja kwenye mtandao wa kiwanda wakiuliza kuna minofu kiasi gani, ijulikane kama mtambo utastahimili au utaelemewa. Ijumaa walikuwa wanakuja wanunuzi wa Ulaya, kila mmoja na kompyuta ya aina yake, na meneja, Bwana Chenge, alikwishawaahidi kwamba wote watahudumiwa bila kukwama.

Alidhani amekosea mahali. Akaita hamsini, wakaitika hamsini na mmoja. Akaita kumi, wakaja kumi na mmoja. Harufu ya tope la ziwa ikajaa chumbani, nzito, kama mtu ameburuta nyavu zilizooza, ilhali madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Akafungua orodha. Kumi walikuwa wa kwake, kila mmoja na namba yake. Wa kumi na moja hakuwa na namba, na mahali pa kuandika aina ya samaki anayemtaka, alikuwa ameandika: TEREZA.

Wilhelmina hakuwa mtu wa kutishika. Alikulia Magu akichunga ng'ombe wa baba yake kabla hajaenda kusomea kompyuta Dar, na fisi hakuwahi kumkimbiza. Lakini siku ile alizima mashine, akatoka akitembea upesi, na hakugeuka nyuma.

Jumatatu asubuhi, Tereza wa meza ya tatu, mkata minofu, aliweka kisu chini amjibu mwenzake, na sauti ikakataa kutoka. Waliokuwa karibu walisema kimemtoka kitu kama mluzi. Wilhelmina aliposogea aliutambua. Ulikuwa mlio wa modemu inapotafuta laini ya simu: mluzi, mkwaruzo, kisha mvumo mrefu kama mvua kwenye bati, unatoka kooni mwa mwanamke mwenye watoto watatu, naye macho yamemtoka, anaomba msaada kwa macho tu. Hospitali walimpima koo wakaliona zima.

Wilhelmina alimweleza meneja yote. Chenge akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia afute ule mstari wenye jina la Tereza kwenye taarifa ya jaribio. Wageni hawatoki Ulaya kuja kusikiliza habari za majini, na kama kazi imemshinda wapo wengine wanaoitafuta. Akataka jaribio lirudiwe mbele yake. Likarudiwa Jumanne. Jina la pili likaandikika lenyewe, YAKOBO, na kabla ya saa kumi fundi wa majokofu aitwaye Yakobo alikuwa amekaa chini ya mtambo wake, mdomo wazi, akivuma.

"Futa na hilo," Chenge alisema kwa sauti ya chini.

"Sifuti," Wilhelmina akajibu.

Jioni hiyo Mama Apiyo, mfagiaji, aliegemeza ufagio wake akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa mtu mzima wa Shirati, na kwao alijulikana kwa kuwatuliza waliopandwa na majini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe unayeita watu humu?"

Wilhelmina akamweleza kwamba wale si watu, ni namba tupu zinazojifanya watu.

"Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Ukimwita asiyekuwepo, umeweka kiti kisicho na mwenyewe. Walipopasua mawe ya ufukweni kwa baruti wajenge gati, kuna aliyekuwa akiishi humo, akakosa pa kukaa. Amesikia unaita, amekuja kuketi."

"Basi nizime nisiite tena?"

"Ukizima, ataondoka na sauti za wenzio. Mwite. Ila safari hii kila kiti kiwe na mwenyewe."

Usiku kucha Wilhelmina alifuta namba, akaandika majina. Wafanyakazi walikuwa mia moja tisini na watatu. Akaongeza akina mama saba wanaouza chakula nje ya geti, wakatimia mia mbili.

Jumatano saa sita, jua la utosini, aliwakusanya wote uani, akaisogeza kompyuta dirishani. Kila atakayesikia jina lake aitike kwa sauti yake mwenyewe. Chenge akatoka ofisini mbio kuja kuwatawanya.

"Na wewe umo, bwana meneja," Wilhelmina akamwambia. "Usipoitika, kiti chako kitabaki wazi."

Chenge akasimama pale pale.

Wilhelmina akaanza kuita. Suzana, nipo. Ndalahwa, nipo. Majina yakaenda, mashine ikiyapeleka na kuyajibu, na kadiri yalivyozidi ndivyo harufu ya tope ilivyopanda, mpaka watu wakaziba pua kwa kanga na kofia, na taa za kompyuta zikaendelea kuwaka hata umeme ulipokatika kiwanda kizima na majokofu yakanyamaza, ikawa hakuna kinachosikika isipokuwa Wilhelmina anaita, mtu anaitika, na mahali fulani chini ya sakafu kitu kinavuma. Chenge aliitika kama mtoto. Yakobo, ameshikwa mabega na ndugu zake, alipambana na koo lake mpaka jasho likamtiririka, akaitapika ile "nipo" kama mfupa. Likabaki jina moja.

"Tereza."

Kioo kikaandika chenyewe: NIPO.

"Sikukuita wewe. Tereza!"

NIPO. NIPO. NIPO. Kioo kikajaa. Tereza alikuwa amesimama mbele kabisa, na mvumo ukimtoka, na Mama Apiyo akamsogelea akamnong'oneza kwamba hilo jina alipewa na mama yake, si la kugawiwa. Tereza akafumba macho. Mluzi ukapanda, ukapasuka katikati, na kutoka humo ikaja sauti ya mtu, imekwaruzika, imejaa hasira.

"Nipo mimi. Toka kwenye jina langu."

Kioo kikawa cheupe. Ukaja mstari mmoja, pole pole, herufi moja moja: NIKAE WAPI?

Wilhelmina aliuangalia. Kwa mara ya kwanza alikihurumia kile kitu, lakini hakurudi nyuma. "Siyo ndani ya watu," akasema. Mashine ikazimika, na nje, mbele ya gati, maji yakainuka bila upepo, yakaenda zake.

Alhamisi Chenge alimwagiza tena aandike taarifa safi. Wilhelmina akaandika yote yalivyotokea, akatia sahihi, akaibandika kwenye ubao wa matangazo getini. Chenge akaibandua. Kesho yake, saa ya wageni kuingia, ilikuwa imebandikwa nyingine, na mbele yake amesimama Tereza, anawasomea wasiojua kusoma, neno kwa neno, kwa sauti kubwa.