Mkono Ulioshikwa Majini

— Ulimshika mkono au hukumshika?

— Nilimshika.

Elimringi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Njia nzima kutoka kanisani, tarumbeta kwapani, alikuwa akipanga jinsi atakavyoubomoa uongo huo mpaka binti akose pa kujificha. Sasa jibu limekuja kavu namna ile, akabaki ameduwaa katikati ya migomba ya watu.

— Yaani unakubali?

— Umeuliza, nimejibu, akasema Aikande, akatua mzigo wa majani ya ng'ombe. Ulitaka nikatae?

— Mwanaume mwenyewe ni nani?

— Anaitwa Alawi. Ni mpiga mbizi wa kulekule kisiwani Mafia. Ndiye aliyekuwa akiwaingiza Wazungu baharini kutazama samaki.

— Kwa hiyo ni kweli! Mchumba wangu, binti wa Mwika, amelelewa kanisani, anafunga kanga kifuani na kuingia majini kushikana mikono na mwanaume!

— Kanga juu, gauni ndani. Wasimuliaji wenu wamelisahau gauni.

Mwaka huo wa 1956 Aikande alikuwa yaya kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa karibu na Moshi mjini. Familia ile ilikwenda likizo kisiwani kuogelea na kutazama matumbawe, naye akaenda nao kwa ajili ya watoto. Dereva wao, Mashaka wa Kiboriloni, alivuka nao kubeba mizigo. Mashaka si mtu mbaya, ana mdomo tu. Alichokiona akiwa amekaa ufukweni alikisimulia sokoni Kiboriloni ili kunogesha kahawa. Habari ikapanda mlima pamoja na akina mama wa ndizi, kila mahali ikiongezewa chumvi. Ilipomfikia shangazi yake Elimringi, katika habari hiyo Aikande alikuwa tayari na mimba, amebakiza kidogo tu ajifungue.

— Nisikilize, akasema Aikande. Unavaa miwani mikubwa ya kioo na mpira, inafunika mpaka pua. Unang'ata mrija, unavuta pumzi kwa mdomo, halafu unalala kifudifudi juu ya maji. Chini kule kuna bustani, Elimringi! Mawe yamechanua, na samaki wa njano na wa buluu wanayatafuna kama mbuzi. Nililia ndani ya miwani. Nilitamani uwe pale.

— Na mkono?

— Nilikuwa naogopa kufa! Unaona chini, halafu ghafla huoni tena, kina kimeanguka. Alawi akaniambia, "Dada, shika, wala usiachie mpaka nikwambie." Nikashika.

— Mtu akiogopa hutoka.

— Ningetoka, nisingeona.

Elimringi alitazama pembeni.

— Nimeshaongea na mwinjilisti, akasema. Tangazo la tatu halitasomwa.

Aikande aliukalia mzigo wake wa majani. Ndoa yao ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili, tangazo la pili asubuhi hiyohiyo. La tatu likirukwa Jumapili ijayo, usharika mzima utajua kwamba binti amekataliwa, na kila mtu atajitungia sababu yake. Mama yake, Tabitha, alikuwa ameshaalika ndugu mpaka wa Mkuu na Tarakea. Lakini hayo yote yalikuwa ya watu. Yeye alimpenda mwanaume huyu mkaidi, na sasa alikuwa akimwona anaondoka huku amesimama mbele yake.

— Elimringi, unanipenda?

— Hilo si swali la leo.

— Ndilo swali lenyewe. Haya, Jumamosi memsabu, yule mama wa Kizungu ninayemfanyia kazi, na familia yake wanashuka kwenye chemchemi ya Rundugai kupumzika. Maji yale ni maangavu, na miwani memsabu ameniachia. Njoo uingie. Weka uso majini, utazame chini, bila kushika mtu yeyote. Ukiweza, mimi mwenyewe nitakwenda kwa mwinjilisti kumwambia asisome.

— Aikande, mimi ni mpiga tarumbeta. Unadhani nina shida ya pumzi?

— Basi njoo.

Jumamosi ilipofika, alikuja. Alipanda nyuma ya gari na vikapu vya chakula, akashuka nao mlima mzima. Huko tambarare ni jua na vumbi, halafu ghafla miti mikubwa inafunga kivuli juu ya maji ya buluu. Wazungu walitandika blanketi wakaanza kula. Mashaka alikunja suruali, akaingia majini mpaka magotini. Alisema anaosha miguu, lakini kila mtu alijua amekuja kutazama sinema.

— Shemeji, akaita, maji yanakungoja!

— Nyamaza wewe, akasema Aikande. Mdomo wako ndio uliotufikisha hapa.

— Dada, nilisema nilichokiona. Sikuongeza neno.

— Hukuongeza, ulipunguza. Ulisema nilishikwa mkono, hukusema nilikuwa nalia kwa woga.

Mashaka alikuna kichwa.

— Lile la kulia lingeharibu utamu, akasema.

Elimringi alibaki na kaptula. Aikande alimfunga miwani, akamkaza mpira nyuma ya kichwa, akamwonyesha namna ya kung'ata mrija. Kwa muda mfupi nyuso zao zilikaribiana sana. Kisha Aikande alinyoosha mkono.

— Shika.

— Sishiki mtu!

Alisema hivyo akiwa na mrija mdomoni, kwa hiyo yalitoka makoromo tu, lakini maana ilieleweka. Akaingia kifua mbele, kama anayeongoza bendi kwenda kwenye harusi. Alipita karibu na Mashaka bila kumtazama, akainamisha uso majini, akapiga hatua moja zaidi. Hapo mwamba ukaisha.

Kina cha Rundugai hakibishi hodi. Elimringi alizama, mrija ukajaa maji, na pumzi zote za tarumbeta zikaishia hapo. Aliibuka akirusha mikono huku na huku, na kitu cha kwanza alichokigusa kilikuwa Mashaka. Alimkamata shingo, kisha akamkamata mkono, akamvutia kilindini.

— Niachie! Mashaka alipiga yowe. Shemeji, niachie, nina familia! Mimi mtu wa mjini, sijui kuogelea!

Aikande alijitosa na gauni lake. Alawi alikuwa amemfundisha kuelea, na kukaa majini bila kuhangaika. Alimshika Elimringi kwapani akamvuta mpaka kwenye mizizi ya mti. Mashaka hakuhitaji kuvutwa, maana alikuja akiwa amenaswa kama mkia.

Wote wawili walilala ukingoni wakikohoa. Wazungu walikuwa wamesimama na vikombe vyao mkononi. Aikande alikamua gauni, akawatazama kwa utulivu.

— Elimringi, mmeanza lini?

— Nini?

— Wewe na Mashaka. Naona mmeshikana mikono. Tena hadharani.

Ni kweli. Vidole vya Elimringi vilikuwa bado vimeung'ang'ania mkono wa dereva. Mashaka aliutazama mkono wake, akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena mpaka machozi yakamtoka.

— Wallahi, dada, kesho nasimulia upya sokoni!

— Usimulie yote safari hii.

— Yote. Hata mayowe yangu. Nisamehe, dada yangu. Sikujua kama ndivyo inavyokuwa.

Elimringi hakucheka. Aliachia kidole kimoja kimoja, kama vile si vyake.

— Sikujua hata nimemshika nani, akasema polepole.

— Najua.

— Ningeshika chochote.

— Najua, Elimringi. Nilikwambia.

Akainuka, akaketi. Kisha akanyoosha mkono.

— Nishike basi, turudi. Nataka kuona ulichokiona.

Moyo wa Aikande ulitaka kuupokea mkono ule palepale. Lakini kulikuwa na hasira ya wiki nzima, nayo ilikuwa na haki yake.

— Mkono huu ni wa kumshika mchumba wangu, akasema. Na wewe ulikwenda kwa mwinjilisti kusema huna mchumba.

Akaenda kuwapa watoto chakula. Elimringi alipanda mlima jioni ile akiwa ameloa, na samaki wa Rundugai hakuwaona.

Jumapili kengele ya kwanza ililia Aikande akiwa hajavaa.

— Utakwenda kanisani, akasema mama yake. Hata kama ni kuaibika, utaaibika ukiwa umekaa mbele.

— Mama, sitaki kuisikia ile sehemu ambayo majina yetu hayatasomwa.

Tabitha aligeukia mlango. Elimringi alikuwa amesimama uani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba.

Tabitha aliona alichoshika, akaingia ndani, ingawa masikio aliyaacha mlangoni. Lilikuwa jani la isale. Kwa Wachagga, anayeletewa isale husamehe, hata kosa liwe zito namna gani. Aikande alilipokea kwa mikono miwili.

— Nimekusamehe, akasema. Isale limeomba hilo. Lakini halikuomba niolewe. Hilo uliombe kwa mdomo wako.

Elimringi akasogea hatua moja.

— Nilikuwa na wivu. Si wa Alawi peke yake. Ulikwenda ukaona kitu kizuri bila mimi, ukarudi unang'aa, nikajiona nimeachwa nyuma. Nikatafuta kosa ili nisione aibu. Nakupenda, Aikande. Naomba uwe mke wangu. Mwinjilisti nimemwona alfajiri, akanifukuza. Amesema atasoma ukikubali wewe, mimi hanisikilizi tena.

Aikande alikaribia kucheka.

— Nina sharti. Mwakani wanarudi kisiwani, na memsabu ameniomba. Nitakwenda. Wewe hutapata nafasi garini.

— Nenda.

— Nitaingia majini.

— Ingia.

— Na Alawi atakuwepo.

 Wivu ulimpanda Elimringi usoni waziwazi, Aikande akauona unapanda, akauona pia unavyoshuka. Hakumsaidia.

— Msalimie, Elimringi akasema mwishowe. Mwambie mume wako anamshukuru. Kwa sababu hakukuachia.

Hapo Aikande alilia, na hakuficha. Alimshika mkono palepale uani, mchana kweupe, majirani wakipita kwenda ibadani. Kutoka ndani ikaja sauti ya Tabitha, nayo ilikuwa imejaa machozi vilevile:

— Mnangoja nini nyie? Kengele ya pili hiyo! Elimringi, tangulia kwa mwinjilisti umwambie angoje, Aikande anakuja kukubali mwenyewe, na ukimbie!

Elimringi akakimbia. Aikande akaingia ndani kutafuta viatu.