Uvungu wa Nyumba ya Bibi Verlene

Kila Jumamosi, baada ya uji mzito wa mahindi na mayai, Bibi Verlene alitoa tochi kwenye droo ya jikoni na kuiweka mezani mbele ya Corliss.

"Haya, mjukuu wangu. Kaniangalizie uvunguni."

Nyumba yao katika mji wa Hobton, Karolina ya Kaskazini, ilisimama juu ya nguzo fupi za matofali, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Kati ya sakafu na ardhi palikuwa na nafasi ya mtu kutambaa kwa tumbo, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mlango mdogo wa mbao wa kuingilia. Babu Amos ndiye aliyeijenga, na maisha yake yote yeye ndiye aliyetambaa huko kukagua mabomba na maboriti. Alipofariki, kazi ikatafuta mtu mwingine. Magoti ya Bibi yalikuwa yameshachoka. Mama, aliyeitwa Rochelle, alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha kuku, na mchana alijaribu kulala. Emmett, mdogo wake Corliss, alikuwa na miaka saba na pumu. Akabaki Corliss, mwenye miaka kumi na miwili na mwili mwembamba.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Alitakiwa kutambaa mpaka nguzo ya katikati, kumulika maboriti, kupapasa udongo, kisha kurudi na kueleza kama ni pakavu. Bibi alijiwekea kazi moja tu. Ukuta wa msingi ulikuwa na matundu ya hewa yenye vifuniko vya chuma, na kila Jumatatu ya Pasaka Bibi aliyafungua yote, kama Babu Amos alivyofanya, akayafunga tena baridi ya kwanza ilipoingia.

"Nyumba nayo inataka kupumua," alikuwa akisema. Mtaa mzima ulifanya hivyo hivyo, wala hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

Mwezi wa Mei mwaka ule, Mama aliweka kiyoyozi, cha kwanza katika nyumba ile, kwa ajili ya kifua cha Emmett. Nje joto na unyevu viliwalowesha watu jasho kabla ya saa tatu asubuhi, lakini ndani sakafu ilikuwa baridi hata Emmett alilala na soksi. Wote walifurahi.

Mwezi huo huo Corliss alitambaa uvunguni na kumulika nguzo ya katikati, na kundi la nyenje wenye miguu mirefu wakamrukia usoni. Mmoja aliingia ndani ya shati. Corliss alitoka kinyumenyume akijigonga kichwa kila hatua. Jumamosi iliyofuata alifungua ule mlango mdogo, akaketi kando yake kwenye majani, akahesabu hadi mia mbili. Kisha akachukua udongo kidogo, akajipaka magotini.

"Kukoje huko?" Bibi aliuliza.

"Pakavu, Bibi."

"Na maboriti?"

"Makavu."

"Ahsante, mwanangu. Sijui ningefanyaje bila wewe."

Mara ya kwanza moyo ulimwenda mbio. Mara ya tatu hata moyo ulizoea. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Corliss ilikuwa ya kiangazi kizima.

Mwezi Julai nyumba ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya uvundo, ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Bibi alisugua sakafu kwa siki, akaanika magodoro, akafua mapazia. Harufu ilibaki. Emmett akaanza kukohoa alfajiri, kisha mchana, kisha muda wote. Mara mbili walimkimbiza hospitali, na mara zote mbili Mama alitoka huko kwenda moja kwa moja kazini, bila kufumba jicho. Daktari alisema kuna kitu ndani ya nyumba kinachomdhuru, wakitafute. Wakang'oa zulia la chumbani kwa Emmett. Mbwa wake akapelekwa kwa Mjomba Lonnie. Emmett alilia siku mbili, na kilio kikamzidishia kikohozi.

Jumapili moja ya Agosti, baada ya kanisa, walikuwa mezani na kunde, bamia na mkate wa mahindi. Mama hakula. Alishika uma tu.

"Nimezungumza na Odessa," alisema. Odessa alikuwa shangazi yao, aliyeishi Ohio. "Atamchukua Emmett. Atasoma huko mpaka mwakani."

"Mpaka mwakani?" Bibi aliweka glasi chini. "Mtoto wa miaka saba, Rochelle?"

"Nifanye nini, Mama? Zulia nimetoa. Mbwa nimetoa. Nimefua kila kitu chenye uzi ndani ya nyumba hii. Labda ni uvunguni."

"Uvunguni hapana," Bibi alijibu bila wasiwasi. "Corliss huangalia kila Jumamosi. Pakavu. Si ndiyo, Corliss?"

Wote wakamtazama. Emmett naye alimtazama, mdomo wazi, akivuta pumzi kwa shida. Corliss aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni.

"Ndiyo, Bibi," alisema.

Usemi ule ukafunga mjadala. Emmett angeondoka Jumamosi.

Siku zilizofuata Corliss hakuweza kula vizuri. Alhamisi, aliporudi kutoka dukani, alimkuta Emmett akipanga nguo zake kwenye begi la shule.

"Huko Ohio kuna nyasi?" Emmett aliuliza.

"Zipo. Mbona?"

"Kama mbwa wangu akija baadaye." Akakohoa, akaketi kitandani ili apumue.

Corliss alichukua tochi. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na mlango mdogo ulikuwa palepale nyuma ya nyumba. Alipiga moyo konde, akaingia.

Hakufika mbali. Karatasi kuukuu ya plastiki iliyofunika sehemu ya udongo ilikuwa na madimbwi. Alipoinua tochi, aliona maboriti yamejaa matone ya maji, na kati ya matone kuvu ilikuwa imeota, nyeupe mahali pengine, nyeusi mahali pengine, kutoka nguzo ya kwanza mpaka chini ya chumba cha Emmett. Aligusa boriti moja, na kidole kikazama kwenye mti. Nyenje walikuwapo, wengi kuliko zamani. Safari hii hakuwajali.

Mama alikuwa amelala kwenye kochi na viatu vyake vya kazini. Corliss alisimama pale muda mrefu. Kumwamsha mtu aliyechoka namna ile ni kosa, na kutomwamsha ni kosa kubwa zaidi.

"Mama."

"Mm. Emmett?"

"Emmett yuko salama. Mama, uvunguni ni maji matupu. Kuna kuvu mpaka chini ya kitanda chake."

Mama alikaa. "Tangu lini?"

"Sijui. Sijaingia tangu Mei. Nilikuwa nakaa mlangoni, najipaka udongo, nasema pakavu."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi. Mama aliufunika uso kwa viganja viwili.

"Sina nguvu ya kukugombeza," alisema hatimaye. "Kweli sina. Mpigie mjomba wako."

Mjomba Lonnie, kaka yake Mama, alikuwa fundi wa nyumba. Alikuja jioni ile ile na ovaroli lake, akautazama ule mlango mdogo, kisha akalitazama tumbo lake.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alisema. "Mimi nitainama, sijui kama nitainuka."

Aliinuka, baada ya nusu saa, uso mzito. Waliketi barazani. Bibi alimletea glasi ya chai baridi yenye barafu, na Lonnie hakuinywa. Aliiweka ukingoni, akawaonyesha jinsi glasi ilivyoanza kutoa jasho kwa nje.

"Mnaona? Glasi haivuji. Ni hewa ya nje, ina joto na unyevu, ikigusa kitu cha baridi inageuka maji. Kiyoyozi kimeifanya sakafu yenu iwe baridi kama hii glasi. Nani aliacha matundu wazi kiangazi chote?"

Bibi aliitazama glasi ile.

"Mimi," Bibi alisema. "Jumatatu ya Pasaka. Kama baba yako."

"Mama, wakati wa Baba hakukuwa na kiyoyozi. Sakafu ilikuwa na joto kama nje, upepo ukaikausha. Sasa hivi unaukaribisha unyevu ndani."

Bibi alitikisa kichwa polepole. "Miaka arobaini matundu yale yanafunguliwa. Sikuwahi kuuliza."

"Ningetambaa Juni ningeyaona matone," Corliss alisema, na machozi yakamtoka. "Ungejua."

"Ungetambaa, ningejua," Bibi alikubali. Hakumpunguzia.

Emmett alipelekwa kwa Mjomba Lonnie, mtaa wa pili, akalale na mbwa wake. Safari ya Ohio ikaahirishwa. Walifunga matundu yote, wakatoa plastiki kuukuu, wakabadilisha maboriti mawili yaliyooza. Kila siku Corliss alivaa barakoa na glavu, akatambaa na brashi na ndoo ya maji ya sabuni nyuma ya mjomba wake, akasugua mpaka mabega yakakataa. Kisha wakatandika plastiki mpya nzito kutoka ukuta hadi ukuta, na Lonnie akaweka mashine ya kukausha hewa. Ilichukua wiki tatu. Wiki ya nne Emmett alirudi na mbwa, na alikohoa mara moja tu siku ile, kwa sababu ya kucheka na mkate mdomoni.

Jumamosi iliyofuata Corliss alitoka uvunguni akamkuta Mama kwenye ngazi za nyuma, ametoka tu kazini.

"Kukoje?"

Corliss alisita. "Maboriti makavu. Lakini bomba la jikoni linadondosha. Kidogo."

Mama alishusha pumzi ndefu. Corliss akainamisha kichwa. "Samahani, Mama. Najua umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Keti." Akamsogezea nafasi. "Kuna kuchoka na kuchoka, Corliss. Bomba linavuja, nitamwita Lonnie, litatengenezwa, nitalala. Lakini kiangazi hiki nilifua, nikang'oa, nikamfukuza mbwa wa mtoto, karibu nimfukuze na mtoto mwenyewe, natafuta kitu ambacho kilikuwa chini ya miguu yangu. Ulisema neno moja tu, pakavu. Sisi wote tukalifanyia kazi neno hilo miezi mitatu. Usiogope kuniletea habari mbaya. Habari mbaya ya kweli naiweza."

"Ndiyo, Mama."

Mama alivua viatu, akaviacha palepale kwenye ngazi, akaingia ndani kulala.