Harufu ya Rejeta

Mvuke ulianza kutoka pembeni mwa boneti saa nne asubuhi, lami wakiwa wameiacha nyuma kwa kilomita sabini na mbele yao zikiwa zimebaki mia na kumi za changarawe na chumvi, bila kisima wala kivuli. Mpima ardhi aliyekuwa akiendesha aliondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari liserereke mpaka likasimama lenyewe.

"Shemeji," alimwambia fundi aliyeketi pembeni yake, "gari lako linachemka."

"Likiwa zima ni lako, likichemka ni langu?"

Walizoea kutaniana. Gari lilikuwa la marehemu mume wa mpima ardhi, kaka yake fundi, na tangu azikwe hakuna aliyeligusa ila fundi huyu, ukimtoa jamaa mmoja wa kituo cha mafuta aliyewahi kubadilisha mpira wa rejeta. Kwenye kiti cha nyuma alikaa baba yake fundi, dereva wa malori mstaafu, aliyekuwa anapelekwa kuishi kwa binti yake ng'ambo ya jangwa. Mtaani walimwita Gia Nzito, kwa kuwa hakuna jambo aliloliharakisha maishani.

Fundi aliteremka, akainua boneti. Alijua. Miezi miwili nyuma rejeta hiyo ilitoboka tundu dogo kama la sindano. Siku ile gereji ilijaa wateja, naye badala ya kuifungua na kuichomelea alivunja mayai mawili mabichi, akayamimina ndani. Yai likipata joto huiva na kuziba tundu. Shemeji yake alipokuja kuchukua gari alimwambia, "Nimeichomelea vizuri, usiwe na wasiwasi." Alikusudia kuisafisha wiki iliyofuata. Wiki hiyo haikufika, na mwenye gari alimwamini kama alivyomwamini mumewe.

Sasa alitaka jambo moja tu, aitazame rejeta kabla shemeji yake hajaitazama. Alizunguka haraka hadi kwenye usukani, akawasha swichi, akaona mshale wa joto umelala chini kabisa.

"Nifungue kifuniko?" aliuliza baba yake, aliyekwisha kushuka na kusimama mbele ya rejeta, kitambaa tayari mkononi.

"Fungua, mzee. Imepoa."

Fundi yeyote mwenye akili timamu anajua kwamba maji yakipungua, kipimo cha joto hubaki hewani na mshale hushuka kwa uongo. Naye alijua. Lakini hofu ilishampofusha. Kifuniko kiliruka, maji yaliyokuwa yakitokota yakampiga mzee usoni, naye akaanguka chali kwenye changarawe bila kupiga kelele. Kelele zilipigwa na mkwewe.

Walimmwagia maji usoni hadi lita sita zikaisha. Ngozi ya paji la uso ilikuja na kitambaa. Macho yalivimba yakajifunga, na mpima ardhi akayafunika kwa mtandio wake uliolowa. Walikuwa wameondoka na madumu mawili ya maji, kila moja la lita ishirini.

"Turudi?" aliuliza.

"Kilomita sabini huku, mia na kumi kule," alisema fundi. "Lakini binti yake yuko kule, na hospitali iko kule. Tumepungukiwa maji tu. Nikijaza, tunakwenda."

Akajaza. Wakaenda kilomita kumi na mbili, mvuke ukarudi. Wakasubiri ipoe, akajaza tena, wakaenda kumi na moja. Kila mara alizunguka injini kwa madaha ya kitaalamu, akabonyeza mkanda wa feni, akaikagua pampu, akasema labda hiki, labda kile. Kila neno la uongo liligharimu lita sita za maji ya kunywa. Lori la chumvi hupita njia ile mara moja kwa wiki, na walikuwa wamepishana nalo asubuhi ileile, wakapungiana mikono.

Jua lilipozama walikuwa na lita kumi na moja. Mpima ardhi aligawa nusu kikombe kwa kila mtu. Mzee akakisukuma chake.

"Koo linauma. Weka kwenye gari."

"Baba, kunywa."

"Nimesema weka kwenye gari, mwanangu."

Asubuhi uso wa mzee ulikuwa unatoa usaha na midomo imepasuka. Alimwita mwanawe kwa sauti kavu, mkwe wake akiwa amesimama palepale.

"Washa injini kidogo. Gusa rejeta juu."

Fundi akagusa, akautoa mkono haraka. "Moto."

"Gusa chini."

"Baridi."

"Maana yake nini, fundi?"

"Maji hayapiti. Imeziba."

"Imezibwa na nini?"

Fundi alimtazama baba yake aliyefungwa macho, kisha shemeji yake mwenye midomo myeupe kwa chumvi. Pale ndipo angesema. Ulimi ulikuwa tayari, ila aibu ikawa na nguvu kuliko kiu.

"Itakuwa takataka," alisema. "Huyo jamaa wa kituo cha mafuta, alipobadilisha mpira."

"Mwenyezi Mungu amlaani!" mpima ardhi alilia. "Mtu anaharibu gari la watu kwa uvivu wake, akale alale! Uso wa baba huu! Namwombea yampate haya haya!"

Fundi aliinama, akatafuta spana.

Aliifungua rejeta kwa saa nzima, vidole vikiungua kwenye chuma. Akaipindua kichwa chini, akamimina maji ya kunywa kupitia tundu la chini, akaitikisa, akayapokea kwenye karai kwa kuyachuja na fulana yake, akayamimina tena. Mara ya tatu kikatoka kitu: utelezi wa kijivu, vipande vipande, wenye harufu ya yai viza. Alitupa jicho. Shemeji yake alikuwa anampepea mzee. Akachimba kwa kiganja, akaufukia.

"Unazika nini?" mzee aliuliza kutoka upande wa pili wa gari.

"Uchafu, baba."

"Haya."

Utelezi ulipotoka, tundu la zamani likafunguka. Alitwaa koleo, akaukata mrija uliotoboka, akakunja ncha zake mara mbili na kuzibana mpaka zikaacha kutoa tone. Kazi hiyo ilimchukua dakika kumi. Kule gereji ingemchukua tano.

Rejeta ilipofungwa tena mahali pake, maji yote yaliyobaki yaliingia ndani yake, isipokuwa chupa moja ya mzee. Kisha fundi akasema jambo ambalo hakutaka kulisema.

"Lazima tuwashe hita mpaka mwisho. Inavuta joto la injini. Bila hivyo hatufiki."

"Hita? Na uso wa baba ulivyo?"

"Washeni," alisema Gia Nzito.

Walikwenda kilomita themanini na saba kwa mwendo wa baiskeli, upepo wa moto ukipuliza ndani ya gari kama mlango wa tanuri. Mpima ardhi aliendesha huku akilia bila machozi. Mzee alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na kila gari lilipotikisika fundi alisikia pumzi yake ikikatika nyuma ya shingo yake. Mshale ulipanda, ukasimama katikati, haukusogea tena.

Mlinzi wa kituo cha pampu ya maji, pale jangwa lilipoishia, aliwaona kabla wao hawajamwona. Aliwaletea ndoo. Mzee alikunywa, akatapika, akakunywa tena.

"Hiyo gari mara ya mwisho ilishikwa na fundi gani?" mlinzi aliuliza, akiutazama uso ule.

Mpima ardhi alifungua kinywa amtaje jamaa wa kituo cha mafuta. Fundi akamtangulia.

"Mimi. Nilitia mayai. Sikuchomelea."

Ndoo ilimponyoka shemeji yake, maji yakamwagika yote chini, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Nilijua," alisema mzee. "Tangu kifuniko kiliporuka. Harufu ya yai naijua, mayai nimeyatia mimi kabla yako. Lakini yai ni la kukufikisha nyumbani tu. Ukifika, unasafisha."

"Mbona hukusema, baba? Tulikuwa na lita thelathini na nne!"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe."

Macho ya mzee hayakupona. Shemeji yake hupeleka gari kwingine, na wakikutana humwita fundi, si shemeji. Gia Nzito alikataa kubaki kwa binti yake. Alisema atakaa kwa mwanawe, na kiti chake kikawekwa ndani ya gereji, hatua mbili kutoka kwenye shimo la kufanyia kazi. Kila kifuniko cha rejeta kinapofunguliwa, mzee huinua pua. Wateja hudhani ni mazoea ya kipofu. Fundi husimama na kifuniko mkononi, hagusi kitu, mpaka baba yake aseme, "Endelea."